Mpunga Ulioangukia Majini

Kila Jumamosi asubuhi Waseya alimsaidia shangazi yake, Delphine, kupakia magunia ya mchele garini na kuyapeleka mjini kwenye mkahawa wa Curtis. Wakubwa walipokuwa wakizungumza, yeye alikaa jikoni karibu na sinki, akinywa soda aliyopewa na kutazama vyombo vikioshwa. Sahani zilirudi kutoka kwa wateja zikiwa na kilima cha wali kilichochokolewa upande mmoja tu, na mwosha vyombo akakikung'utia ndooni. Waseya aliyaona hayo kila wiki wala hakuyatia maanani. Soda ilikuwa tamu.

Mwishoni mwa kiangazi Curtis aliomba magunia mengi zaidi, kwa ajili ya wageni wa majira ya kuwinda. Shangazi alikubali papo hapo. Paa la banda lake la kukaangia mpunga lilikuwa linavuja, na baridi ya Minnesota, kaskazini mwa Marekani, haibembelezwi. Tena alimwahidi Waseya, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na miwili, kwamba safari hii ndiye atakayeshika fimbo za kupuria.

Mpunga wa ziwani haupandwi na mtu. Hujiotea majini, na Waojibwe, wenyeji wa asili wa pale, huuvuna kwa mitumbwi kama walivyofanya mababu zao. Asubuhi ya kwanza ya mavuno Shangazi alinyunyiza tumbaku kidogo majini kama sadaka, akashukuru kwa sauti ya chini, kisha akasimama mbele ya mtumbwi na upondo wake. Waseya aliketi nyuma. Kwa fimbo moja aliinamisha mabua juu ya mtumbwi, kwa nyingine akayapangusa, na punje zikamwagika mapajani mwake. Nyingine ziliangukia ziwani, nazo zikamuuma roho.

"Shangazi, tunapoteza."

"Hatupotezi kitu. Wewe gusa tu. Uliokomaa utashuka wenyewe, mbichi tutaurudia wiki ijayo."

Lakini mvua za mwaka ule zilikuwa zimeinua maji, na mpunga ulikuwa haba. Jua lilipanda, mtumbwi haujajaa hata nusu. Waseya aliyafikiria magunia, akalifikiria paa, akaanza kupiga. Alipiga kama mtu anayeua nyoka. Mabua yalikatika, punje mbichi zikashuka pamoja na zilizokomaa, na mtumbwi ukaanza kujaa. Shangazi aligeuza shingo mara moja, akaona, akaendelea kusukuma upondo bila neno. Waseya akauchukua ule ukimya kuwa ruhusa.

Ufukoni walimkuta Mzee Orville, msimamizi wa ziwa, kwenye kiti chake cha kukunja, goti lake bovu amelinyoosha mbele. Yeye ndiye aliyeamua ziwa lifunguliwe lini na nani aingie, na kwa kawaida hakuna aliyetua bila kutaniwa naye. Siku hiyo alichota mpunga kiganjani, akaminya punje moja, ikatoa maji meupe kama maziwa.

"Binti, ulikuwa unavuna au unagombana na mtu?"

Waseya alitaka kuusingizia upepo. Neno lilishafika ulimini, lakini ziwa lilikuwa tuli, na nyuma yao mabua yaliyovunjika yalionyesha njia yote waliyopita.

"Nilipiga kwa nguvu," alisema. "Nilitaka tujaze."

"Na mimi nilimwona nikanyamaza," Shangazi akadakia. "Kosa ni letu sote."

Mzee Orville hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Waseya zaidi. Alinyoosha mkono, akazipokea fimbo. "Hizi zipumzike kwangu. Mabua mliyovunja hayatawapa kitu wiki ijayo, wala hayatadondosha mbegu ya mwakani. Nikiona unafaa kurudi, nitakuita."

Waseya alilia njia nzima. Walipoukaanga ule mpunga, punje mbichi zilisinyaa zikawa makapi, na mtumbwi uliojaa ukatoa mchele kiduchu. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu," Shangazi alisema, akijisema na yeye mwenyewe.

Jioni ile Waseya alijipakulia wali mwingi kama desturi yake, akala mpaka akashiba, akainuka kwenda kumwaga uliobaki. Mkono ulisita juu ya ndoo ya taka. Hapo ndipo alipozikumbuka sahani za mkahawani.

"Shangazi," alisema, "Curtis hahitaji magunia zaidi. Wateja wake hawamalizi hata huu tunaompelekea sasa."

Jumamosi iliyofuata Shangazi alimweleza Curtis ukweli wote, kwamba mpunga ni haba na hawezi kutimiza ahadi bila kuliumiza ziwa. Curtis alijikuna kichwa. "Nikipunguza chakula, mama, wataniita bahili. Watu hapa wanataka sahani ijae."

Waseya alimwomba aje asimame naye kando ya sinki. Sahani zilirudi moja baada ya nyingine, na vilima vikaenda ndooni kimoja baada ya kingine.

"Wote huo tumeuvuna kwa mkono," Waseya alisema.

Curtis aliitazama ndoo. "Na mimi nimeulipia wote," alisema, akacheka kwa aibu. Wakakubaliana wali uletwe kwa bakuli dogo, na anayetaka zaidi aongezewe bure. Wiki chache baadaye ndoo ilikuwa karibu tupu, hakuna mteja aliyenung'unika, na idadi ile ile ya zamani ya magunia, ambayo Shangazi aliivuna akisaidiwa na jirani, ikatosha. Kwa shukrani Curtis alikuja mwenyewe na ngazi na mbao, akaliziba paa la banda.

Hata hivyo Mzee Orville alikuwa bado hajamwita Waseya. Siku ya karamu ya kushukuru mpunga mpya, alijipakulia kidogo, akaketi mbali naye.

"Unaumwa?" mzee alimuuliza kutoka ng'ambo ya meza.

"Hapana, babu. Nikimaliza nitaongeza."

Shangazi akasimama, akausimulia umati kisa chote bila kujificha. "Nilidhani nikitaka kupata zaidi, lazima nichukue zaidi," alisema. "Kumbe ningeanza kwa kutazama kinachotupwa. Ziwa linatupatia bila kudai. Shukrani yetu si maneno tu, ni kulibakizia, na kutotupa lilichotupatia. Asante, Waseya."

Mzee Orville aliinama, akatoa fimbo mbili chini ya kiti chake. "Upande wa mashariki umekomaa," alisema. "Alfajiri usichelewe. Mimi na goti langu tutakuwa pale."

Alfajiri Waseya mwenyewe ndiye aliyeweka tumbaku majini. Alishukuru, akaomba radhi kwa mabua aliyovunja. Kisha akagusa tu. Punje zilimwagika mapajani, nyingine zikaangukia ziwani. Safari hii hazikumuuma. Alizitazama zikizama taratibu, akajua zinakwenda kuwa mpunga wa mwakani.