Debe la Kwanza

Lea alikuwa mtu wa kuwahi. Kisimani aliwahi, mashineni aliwahi, na kanisani alifika kabla ya kengele. Majirani zake wa Kwashemshi walimtania, "Mama Upendo, siku moja utamkuta jogoo bado amelala."

Jumapili moja mchungaji alihubiri kuhusu utumishi. "Kila mmoja wetu ameitwa kutumika," alisema, "siyo mchungaji peke yake. Shamba lako, mifugo yako, hata mikono yako, vyote ni vya Mungu. Sisi ni watunzaji tu." Kisha akatangaza kwamba kihenge cha kanisa kinangoja malimbuko, yaani mavuno ya kwanza.

Chakula cha kihenge hicho kilikuwa cha wazee na wagonjwa wasioweza kulima. Mahindi ya watu wote yalimwagwa humo pamoja, ili pasijulikane nani ametoa mengi na nani ametoa machache.

Lea alirudi nyumbani moyo ukiwaka. Kesho yake akaanza kuvuna, ingawa maganda ya mahindi yalikuwa hayajakauka vizuri. Ukungu wa milimani ulishuka kila asubuhi, na jua lilikuwa la kubahatisha. Aliyaanika uani, chini kwenye udongo, kwa siku mbili. Akayapukuchua, akachagua punje kubwa na safi. Jumapili akajitwika debe zima kichwani.

Alikuwa wa kwanza. Mzee Simeo, mzee wa kanisa aliyetunza kihenge, alimpokea akitabasamu. "Mungu akubariki, mwanangu. Umetutangulia wote." Siku hiyo Lea alitembea kama bibi harusi.

Baada ya majuma matatu ikafika zamu yake ya kumpelekea chakula Bibi Grasiana. Bibi huyo alikuwa mjane, macho yake hayaoni vizuri, na hakuwa na mtoto wa kumlimia. Kihenge kile kikiwa kitupu, bibi alilala njaa.

"Shikamoo, baba," Lea alimsalimia Mzee Simeo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mzee akafungua kihenge. Joto likawapiga usoni. Harufu yake ilikuwa kama ya nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni. Punje zilikuwa zimeshikana madonge, na nyingine zimeota kuvu ya kijani.

"Ni nini hiki, baba?"

"Sijui. Paa halivuji, juzi nimelikagua mwenyewe."

"Au kuna mtu ametufanyia ubaya?"

"Ubaya kwa vikongwe? Sidhani."

Lea alichanganyikiwa. Watu walitoa kwa moyo. Yeye mwenyewe alitoa yaliyo bora, tena kabla ya wote. Sadaka ya moyo inaozaje? Mzee Simeo alikuna kichwa.

"Kutupa chakula ni dhambi," mzee alisema mwishowe. "Chambua yaliyo afadhali, yaoshe, yaanike, kisha kasage. Kuvu itakayobaki, moto wa ugali utaiua."

Lea akajitwika nusu debe. Njiani alikutana na jirani yake Hajira, mama aliyeolewa hapo kutoka Kwamsisi, Handeni.

"Mama Upendo, za huko utokako?"

"Nzuri, Mama Ukasha. Namsagia Bibi Grasiana."

Hajira alichota punje chache, akazinusa. Uso wake ukabadilika. "Haya? Usimpe mtu haya!"

"Nitayaosha. Na yatapikwa."

"Hayasaidii. Kule kwetu bwana shamba alitufundisha. Kuvu hii hutoa sumu, inaitwa sumukuvu. Huioni. Ukiosha inabaki, ukipika inabaki. Inaharibu ini la mtu."

"Basi niwape kuku."

"Hata kuku usiwape. Haya ni ya kufukia."

Lea akatua mzigo. Mzee wa kanisa anasema hivi, jirani anasema vile. Amsikilize nani?

"Lakini kuvu imetoka wapi?" aliuliza. "Paa ni zima."

"Imetoka kwenye unyevu. Kuna mtu alileta mahindi ambayo hayajakauka."

"Yangu mimi niliyaanika."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

Hajira akazirudisha punje kwenye debe. Kisha akasema taratibu, "Yamebaki nyumbani? Twende tuyapime."

Hajira alitafuta chupa mbili safi, kavu. Akakaanga chumvi kidogo ili ikauke, akaiacha ipoe. Chupa ya kwanza akatia mahindi ya Lea, yafike theluthi moja. Ya pili akatia mahindi yake mwenyewe. Kila chupa akaongeza vijiko viwili vya chumvi, akafunga, akatikisa vizuri. Wakasubiri robo saa.

Katika chupa ya Hajira, chumvi ilikuwa imeanguka chini. Katika chupa ya Lea, ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kuta za chupa.

"Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yana unyevu," Hajira alisema.

Lea aliitazama chupa. Hapakuwa na mtu mbaya, wala paa lililovuja. Ni yeye. Machozi yakamtoka. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alisema. "Nimeoza mimi."

"Hujaoza, dada yangu. Umeharakisha. Haraka haraka haina baraka, hata ikiwa ya kwenda kanisani. Sisi tunafundishwa kwamba mali ni amana. Amana huitoi tu, unaitunza kwanza."

"Hata mchungaji alisema sisi ni watunzaji," Lea alijibu polepole. "Mimi nilisikia kutoa tu."

Hajira akaingia ndani kwake, akatoka na debe la mahindi makavu. "Mpelekee bibi."

"Lakini wewe si wa kanisa letu."

"Na njaa ya Bibi Grasiana ni ya dini gani?"

Jumapili Lea alisimama mbele ya watu, akasema kosa lake. Mahindi ya kihenge yakafukiwa. Kila nyumba ikaleta tena kidogo, makavu. Hajira aliwafundisha kuanika juu ya turubai, kugeuza mara kwa mara, kufunika jioni, na kupanga magunia ya nyumbani juu ya mbao, mbali na ukuta. Lea alipewa kazi ya kusimama kwenye kihenge na chupa ya chumvi.

Mavuno yaliyofuata, wa kwanza kufika alikuwa Mzee Simeo, debe limefungwa kwenye baiskeli. Lea akatikisa chupa. Wakasubiri. Chumvi ikaganda.

"Baba, rudi ukaanike."

"Mimi? Mzee wa kanisa?"

"Chumvi haijui vyeo, baba."

Mzee alimtazama, akaitazama chupa. Kisha akacheka, akageuza baiskeli.

Lea alipeleka debe lake juma la tatu, baada ya watu wote. Siku ya zamu yake alimpikia Bibi Grasiana ugali, akakaa naye.

"Matamu haya," bibi alisema. "Ni mahindi ya nani?"

"Ya wote, bibi."

"Na yako yamo?"

"Yamo. Yalikuwa ya mwisho."

"Basi yalikauka," alisema bibi, akamega tonge jingine.