Kisomadamu Mlangoni kwa Subilaga

Kisomadamu kilishuka taratibu, kikasimama hewani mbele ya uso wa Tusekile. Kilikuwa mashine ya mviringo, ukubwa wa chungwa. Mtoto alivuta kope ya chini kama alivyozoea. Mwanga mwekundu ukammulika, na kabla hajapepesa jicho jibu likatoka.

"Tusekile, miaka sita. Kipimo cha damu ni nane. Imeshuka tena."

Mtoto mwenye afya alitakiwa kufika kumi na moja na nusu. Katika jiji la Tukuyu la wakati huo hakuna mtoto aliyechomwa sindano ili damu yake ijulikane, mwanga ulitosha. Aliyepungukiwa madini ya chuma aliletewa unga wa chuma bure, ukachanganywa kwenye uji wake. Maelfu walipona hivyo. Tusekile hakupona. Wenzake wakicheza, yeye aliegemea ukuta akihema.

"Amekula nini wiki hii?" mashine iliuliza.

"Uji wenye unga wenu. Mchana maharage na ndizi. Jioni ugali na mboga za majani," alijibu Subilaga, mama yake.

"Chakula hicho kingepandisha damu. Haijapanda. Kwa hiyo mtoto hapewi. Kesho atachukuliwa akalelewe kwenye kituo cha watoto."

"Nampa! Kwa mkono wangu nampa!" Subilaga alilia, lakini kisomadamu kilikuwa kimeshapaa.

Sheria ilitaka mtoto achukuliwe na mtu, si mashine. Asubuhi akaja Nesi Atuganile, mwanamke wa makamo, akawakuta wakianza kunywa uji. Alitaka kusubiri nje. Bibi Gwantwa, mama mkwe wa Subilaga, akamzuia.

"Hapa mgeni hatoki na njaa. Hata anayekuja kuniibia mjukuu, atakula kwanza. Kaa!"

Nesi akakaa kwa aibu. Bibi akammiminia chai ya rangi, kali, nyeusi kama masizi. Kisha akamjazia Tusekile kikombe na kukiweka kando ya bakuli lake la uji.

Nesi akaacha kunywa. "Bibi, mtoto hunywa chai hii kila siku?"

"Kila mlo! Babu yake alichuma chai, baba yake alichuma chai kabla ya maroboti. Ulitaka anywe maji matupu kama ndama?"

"Mbona hamkuiambia mashine?"

Subilaga alimtazama kwa mshangao. "Iliuliza chakula, dada. Chai si chakula."

Nesi Atuganile alikivuta kile kikombe upande wake. Akawaeleza kwamba chai kali ikikutana na chakula tumboni hukishika kile chuma cha unga, kikapita bila kuingia kwenye damu. "Unga mnampa kweli. Chai inauzuia. Mwacheni ale bila chai." Akaandika kwamba mtoto abaki nyumbani, akaweka dole gumba lake chini ya maneno hayo.

Bibi alinung'unika wiki nzima, ila alitii. Baada ya miezi miwili mwanga ulisoma kumi na moja na nusu.

Subilaga alimfuata nesi kwake na mkungu wa ndizi kichwani. Akapiga magoti mlangoni.

"Ndaga fijo, dada. Asante sana. Umeniachia mwanangu."

"Inuka, mwenzangu. Ishukuru na mashine. Bila yake nisingekuja kwako." Nesi aliupokea ule mkungu, akauweka chini. "Nilikuwa na binti, kabla mashine hizi hazijaletwa. Alisinzia mchana kutwa, nikamwita mvivu. Nesi mzima! Nilimchapa ili aamke. Nilikuja kuangalia kope zake siku ya mwisho, ndani nyeupe kabisa."

Subilaga alimshika mkono. "Aliitwa nani?"

"Lugano."

Jioni ile, chakula kilipotengwa, Subilaga alifumba macho kumshukuru Mungu. Alitaja jina la Lugano kwanza, ndipo akataja la mwanawe.