Jina Ambalo Daktari Hakulitaja

Mama alitoboa kitako cha chupa ya plastiki kwa waya uliopashwa moto, akampa binti yake. Chiriku akalisugua tundu kwa msasa mpaka kingo zikawa laini, kisha akajaribu kuingiza mdomo wa kikopo cha dawa ya pumu. Ukaingia na kubana vizuri. Akaiweka chupa kwenye beseni pamoja na nyingine zilizosubiri kuoshwa.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta pumzi wakati uleule dawa inapopulizwa. Nyingi huishia kwenye ulimi. Lakini ikipulizwa ndani ya chupa, naye akapumua taratibu upande wa pili, dawa hufika kifuani. Mama alikuwa daktari wa familia. Katika nyumba moja alimtibu bibi, baba na mtoto mchanga, naye alijua nani anakula chumvi kwa kificho na nani anameza nusu ya vidonge kisha anadai amemaliza. Zahanati yake ilikuwa vyumba viwili vya mbele vya nyumba yao. Siku ambazo hapakuwa na shule Chiriku alimsaidia. Jina hilo walimpa majirani, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa amempa sharti moja tu: ukimwona mtu kwenye benchi la wagonjwa, usimtaje popote.

"Mwaka jana hatukuwa na haja ya chupa hizi," Mama alisema. "Sasa naona kama tumefungua kiwanda."

Sababu waliijua. Nyuma ya shule palikuwa na jalala, na mwenyekiti wa kamati ya afya ya mji alikuwa ameagiza takataka zichomwe palepale kila asubuhi. Moshi wa plastiki na matairi uliingia madarasani, ukakaa humo kama mwanafunzi aliyeandikishwa. Mama alikuwa ameomba nafasi ya kuzungumza kwenye kikao cha kamati mchana ule. Alitaka agizo lifutwe, na shimo la taka lichimbwe mbali na watoto.

Mtaa mzima ulimcheka. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisema Daktari ameishiwa wagonjwa, sasa anatafuta kura. Mwenye duka alisema ukiona daktari anahudhuria vikao, ujue sindano zimemshinda. Chiriku aliyasikia yote, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na maneno, alimsimulia mama yake bila kupunguza hata moja.

"Na wewe unaonaje?" Mama aliuliza.

"Naona unakwenda kuchekwa bure. Wale si watu wa kusikiliza."

Mama akazima jiko. "Nikimtibu mtoto asubuhi, mchana akarudi kwenye moshi uleule, hapo nimefanya kazi gani? Nawa mikono, twende."

Wajumbe wa kamati walikuwa wamekaa nyuma ya meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Mmoja alikuwa akichokoa meno. Mwingine alichezea simu chini ya meza kama mwanafunzi mtoro. Mwenyekiti alikaa katikati, kwenye kiti pekee chenye mto. Alikuwa na sauti nzuri, na yeye mwenyewe ndiye aliyeipenda kuliko wote. Akicheka, wajumbe walicheka. Akikunja uso, walikunja. Walifanya hivyo haraka kiasi kwamba mgeni asingejua nani ameanza. Chiriku aliwatazama kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho, akawadharau kwa mpigo mmoja.

Mwishoni mwa meza alikaa mwakilishi wa wazazi, fundi cherehani aliyeshona sare za shule. Yeye alikuwa binti wa Mwenyekiti. Chiriku alipomwona aligeuza macho upesi. Alimfahamu vizuri, ila si kwa mambo ya sare. Alikuwa akimwona kwenye mlango wa uani wa zahanati, amembeba mwanawe ambaye mbavu zilibonyea kila alipovuta pumzi. Fundi alipita uani kwa sababu ya baba yake. Mwenyekiti alikuwa akijigamba kila mahali kwamba ukoo wao una vifua vya chuma, na kwamba pumu ni ugonjwa wa watoto wanaodekezwa. Fundi alimsihi Daktari kwamba mzee asijue kabisa.

Mama alipopewa nafasi alisimama. Hakuwa msemaji hodari. Alieleza polepole kwamba watoto wenye pumu wameongezeka tangu takataka zianze kuchomwa. Kwamba siku za mvua, moto usipowaka, benchi lake huwa karibu tupu. Na kwamba wanaougua zaidi ni wale wa upande ambao upepo unaelekea. Hakutaja jina la mtu yeyote.

Mwenyekiti alimwacha amalize. Kisha akaweka mkono kifuani, akatoa kikohozi kirefu cha kuigiza huku macho yamemtoka. Meza nzima ikacheka. Yule wa simu naye alicheka, bila kujua kilichochekesha.

"Daktari," Mwenyekiti alisema, "kazi yako ni kupima watu homa. Mambo ya mji tuachie sisi tuliochaguliwa. Moshi ule unafukuza mbu, ulipaswa kuja kunishukuru. Na hao wagonjwa wako ni akina nani? Nitajie mmoja tu."

"Siwezi kumtaja mgonjwa wangu, Mheshimiwa."

"Huwezi kwa sababu hayupo. Umewabuni hao watoto, mama. Kijana gani wa mji huu umemwona anakufa kwa moshi?"

Wakacheka tena. Fundi cherehani alikuwa akitazama vidole vyake. Chiriku alihisi masikio yanawaka moto. Neno moja tu lingetosha kumziba mdomo mtu huyu mwenye mto, na mama yake alikuwa amelikalia. Akajikuta amesimama.

"Yupo," alisema. "Mimi namjua. Na wewe Mheshimiwa unamjua kuliko—"

"Chiriku." Mama hakupaza sauti. "Kaa chini."

Akakaa. Mwenyekiti akawageukia wajumbe wake na kuwaambia kwamba Daktari sasa anafundisha na watoto maigizo. Mama akakiomba radhi kikao kwa niaba ya binti yake. Aliomba kwa heshima zote, mbele ya mtu aliyetoka kumkoholea usoni. Mwenyekiti akakubali radhi hiyo kama anayepokea zawadi, akatangaza mapumziko ya chai. Uamuzi ungetolewa baadaye, naye alisema hautachukua muda.

Nje, kwenye baraza, Chiriku hakugusa chai. Alimlaumu mama yake kwa kumwogopa yule mzee, akasema kinyozi alikuwa na haki ya kucheka.

"Neno moja tu, Mama. Angenyamaza mpaka mwakani."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu neno lenyewe si langu."

Chiriku alibetua midomo. Lilikuwa jibu la mtu aliyeshindwa, aliwaza. Alikuwa karibu kulisema alipomwona fundi cherehani anawajia, kikombe mkononi. Fundi hakumtazama Daktari. Alimtazama msichana.

"Ulitaka kumtaja mwanangu?"

Ingekuwa rahisi kusema hapana. Watoto wenye pumu walikuwa wengi. Angeweza kudai alikuwa na mwingine kichwani. Alimtupia mama yake jicho, lakini Mama alikuwa akikoroga chai yake na hakuonyesha dalili ya kumsaidia.

"Ndiyo, shangazi," Chiriku alisema. "Nilikuwa nimeudhika na mzee. Sikukufikiria wewe. Naomba unisamehe."

Fundi akakiweka kikombe kwenye ukuta wa baraza. Alisema kwamba mle ndani moyo ulikuwa umemwenda mbio kiasi cha kutoona mbele. Kila baba yake alipofanya mzaha, yeye alijua sasa Daktari atalipiza.

"Mimi ningekuwa wewe, ningelipiza," alimwambia Mama. "Yaani hata nusu dakika nisingesubiri. Wewe ukaomba radhi."

Mama alimwambia asijisumbue kusema lolote kwa ajili yake. Anyamaze au aseme, mlango wa uani utabaki wazi na dawa ya mtoto ipo. Fundi aliitikia kwa kichwa, akarudi ndani kabla ya wengine.

Kikao kilipoanza tena, Mwenyekiti hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Binti yake alikuwa tayari amesimama, viganja vyake juu ya kile kitambaa cha kijani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mtoto uliyetaka kutajiwa ni wa kwangu." Akamtazama usoni. "Ni mjukuu wako, Baba. Juzi midomo yake ilibadilika rangi kwa kukosa hewa. Ile siku uliyouliza mbona hajaja kukusalimia, alikuwa kwa Daktari. Darasa lake liko karibu na jalala kuliko yote. Nilikuficha kwa sababu ya maneno yako kama haya ya leo."

Mwenyekiti alianza kusema kwamba ukoo wao, lakini hakufika mwisho wa ukoo. Alimtazama binti yake, akamtazama Daktari, na ikawa wazi usoni mwake kwamba ameelewa jinsi mama huyu alivyosimama mbele yake muda wote ule akiwa na silaha mkononi na asiitumie.

Meza nayo ikageuka, haraka kama kawaida yake. Aliyekuwa akichokoa meno alikumbuka kwamba ana mpwa anayekohoa. Yule wa simu alisema yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka na ule moshi. Watu waliotoka kucheka walitikisa vichwa kwa huzuni, na mmoja akamsifu Daktari kwa ujasiri wake. Chiriku aliona wamezidi kudharaulika kuliko walipokuwa wakicheka. Agizo la kuchoma takataka likafutwa na shimo likapitishwa. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kuinua mkono. Kisha akamwuliza binti yake mtoto anaendeleaje, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ile nzuri.

Afisa afya wa mji, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, alitaka eneo la shimo lipimwe siku hiyohiyo, kabla wajumbe hawajabadilisha mawazo. Jua lilikuwa limeanza kushuka walipofika kwenye uwanja mkavu nje ya mji. Wajumbe walikuwa wamekwenda zao. Mwenyekiti alikuja, amenuna, akashika ncha moja ya kamba ya kupimia bila kuombwa. Mama alipogonga kigingi cha kwanza ardhini, mzee alimwambia anagonga kama anayepima homa. Hapakuwa na mtu wa kucheka, ikabidi aivute tu kamba inyooke.

Chiriku alishika kigingi cha pili wakati mama yake akikigonga. Alimwuliza kwa sauti ndogo kama anamdharau yule mzee.

"Alipokohoa vile, nilimdharau sana," Mama alisema, naye akapumzisha nyundo. "Sitakudanganya. Lakini dharau ilikuwa yangu, na siri ilikuwa ya mama wa mtoto. Si haki nimalize hasira zangu kwa mali ya mwenzangu. Leo tungeshinda kikao, na kesho nani katika mji huu angenifunulia kifua chake? Daktari anapata nguvu ya kwenda kuwasemea watu kwa sababu wamemwambia ukweli chumbani. Siku wakiacha kumwambia, hana cha kusema hata akipewa ukumbi mzima. Na wewe pia, mwanangu. Ukiaminiwa na mtu, kinachokuuma wewe si ruhusa ya kumtoa yeye nje."

"Na kama shangazi asingesema?"

"Tungeshindwa leo, na ningeomba nafasi kikao kijacho."

Chiriku alikishika kigingi vizuri zaidi ili Mama aendelee.

Upande wa tatu ardhi iligeuka kuwa ngumu. Kigingi kiliinama, kikakataa kuingia, na nyundo ilirusha cheche kwenye jiwe. Afisa afya akachutama, akaparua udongo kwa kidole, akasema bila mtaimbo hapa wanajichosha tu, na mwanga wenyewe unakwisha. Mwenyekiti alisema anao mtaimbo nyumbani. Alilisema hilo akiangalia pembeni.

Wakaiacha kamba imefungwa pande mbili, ncha yake imelala juu ya mawe, wakakubaliana kukutana palepale asubuhi.