Namba Yake Kwenye Akaunti Yangu

"Mwanangu, sina ubaya na wewe," mama mkwe mtarajiwa aliniambia kwenye simu, kichwa cha mteja kikiwa mikononi mwangu, nusu kimesukwa. "Lakini kama daktari amesema kupata mtoto ni bahati nasibu, ungemwambia mwanangu mapema."

Nikabaki na chanuo hewani. Habari ile nilimwandikia dada yangu tu, kwenye meseji, na dada ni kaburi. Nilipompigia aliapa kwa marehemu mama kwamba hajafungua mdomo, nami nikamwamini. Sasa nani?

Jibu lilikuwa mtaa wa pili, kwenye kibanda cha kutengeneza simu: mchumba wangu. Tulipoanza mapenzi nilisahau nenosiri, akaunti yangu ya meseji ikajifunga, naye akairudisha. Ikauliza maswali ya siri nikayajibu mbele yake, jina la shule, mji aliozaliwa mama. Nimependa bwana, nimfiche jina la shule? Penye namba ya kurudishia akaunti akaweka yake. Alisema yangu napoteza kila leo, nami nikacheka kama zuzu.

Nilimkuta ameinamia simu iliyopasuka kioo.

"Unasoma meseji zangu?"

Akaweka bisibisi chini. Hakukana. Alisema aliniona nimebadilika, nakonda, akadhani kuna mwanaume. Akaiambia akaunti amesahau nenosiri, msimbo ukatumwa kwenye simu yake, akaingia kimya kimya. Hakukuta mwanaume. Alikuta daktari.

"Ungeniuliza."

"Niliogopa utanidanganya."

"Na mama yako, uliogopa nini hata ukamwambia?"

Akasema jambo lilimwelemea, hakuwa na wa kulia naye. Nikamwambia wa kulia naye ni mimi. Nilikuwa nimepanga kumweleza mwenyewe Jumapili inayokuja. Kila mteja alipotoka saluni nilisimama mbele ya kioo nikijifunza namna ya kuanza, na hata mwanzo wenyewe nilikuwa sijaupata. Ilikuwa siri yangu, ya tumbo langu, nimpe kwa mkono wangu. Yeye akaichukua kama mwizi, kisha akaigawa.

"Bado nitakuoa," akasema. "Hata tusipopata mtoto."

Jamani, hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayaombea usiku na mchana. Nilimpenda palepale, na palepale nikajua siwezi kulala nyumba moja naye.

Nikatoa simu, nikabonyeza pa kuondoa namba yake. Simu yake ikalia juu ya meza, msimbo umeingia.

"Nisomee."

"Mpenzi, tuongee kwanza."

"Nisomee tu."

Akasoma tarakimu mojamoja, sauti ikimkatika. Nami nikaandika huku machozi yakinidondokea kwenye kioo cha simu, nakosea, nafuta, naandika tena. Akaunti ikaniuliza kwa mara ya mwisho: *Ukiiondoa namba hii, haitaweza tena kukusaidia kurudi. Una uhakika?*

Sikuwa na uhakika. Nikabonyeza ndiyo.