Tangazo Lililobaki Kwenye Droo

Kila alfajiri Tilda aliamshwa na harufu ya mkate. Mama yake, Maureen, alikuwa mwokaji katika mji mdogo wa Montferon, Ufaransa. Walikuwa wamehamia huko kutoka Kanada miaka mitatu iliyopita.

Waokaji wa mji walikuwa wawili tu, na desturi yao ilikuwa kupokezana likizo ya kiangazi: mmoja hufunga Julai, mwingine Agosti, ili watu wasikose mkate. Mwaka huo zamu ya Julai ilikuwa ya Mama. Tangazo la kufunga, la kubandikwa mlangoni, aliliandika, kisha akaliacha kwenye droo.

"Wiki tatu za kulala tu? Mchumia juani hulia kivulini," alisema huku akikanda unga.

Tilda alivimba kichwa. Bwawani aliwatambia wenzake, "Mama yangu si kama wenu. Hachoki, hafungi!"

"Ndiyo maana hana siku ya kukufundisha kuogelea, na una miaka kumi na miwili!" rafiki yake Lucette alimjibu, na wote wakacheka.

Lakini Tilda alikuwa na siri. Mara mbili alimkuta Mama amesinzia wima mbele ya tanuri. "Usimwambie mtu," Mama alimsihi, naye akanyamaza.

Jumatano asubuhi trei ya moto ilimponyoka Mama, ikamuunguza mkono. Bwana Gaspard, mwokaji wa ng'ambo ya barabara, alisikia kishindo akaja mbio. Aliuweka mkono ule chini ya bomba la maji baridi.

"Trei iliteleza tu," Mama alisema.

Tilda alikumbuka siri yao. Akinyamaza tena, kesho je? "Si kweli, Mama. Ulikuwa umelala. Hii ni mara ya tatu."

Mama aliinamisha uso kwa aibu.

"Jirani," Bwana Gaspard akasema, "hicho kivuli unachokitaja kila siku, utakikalia lini?"

"Na wateja wangu?"

"Watakula mkate wangu. Agosti nitakuwa ziwani na wajukuu, nimevaa kaptura, na wangu watakula wako. Unadhani mimi nafunga kwa uvivu? Nafunga kwa sababu nakuamini."

Mama alivua aproni. Tilda alilitoa tangazo kwenye droo, akalibandika mlangoni mwenyewe.

Tarehe mosi Agosti Mama alifungua tena, na foleni ya wateja ilifika barabarani. Mkono wa Mama ulikuwa umepona, na uso wake ulinawiri.

"Kumbe mama yako naye hufunga!" Lucette alitania.

"Hufunga! Na mimi sasa naogelea, Mama kanifundisha; njoo tushindane!"

Mama alimshika Tilda bega mbele ya wateja wote. "Siku ile uliposema kweli mbele ya jirani, niliona aibu," alisema. "Leo naona fahari. Mwanangu, kazi ni heshima, na kupumzika kwa zamu ni sehemu ya kazi. Haya, mpe Lucette mkate wake."