Kofia Isiyofuliwa

Nyumbani kwa Ruti, kule Igamba, uchafu haupati pa kukaa. Majirani humtania kwamba hata kuku wake huoga kabla ya kutaga.

Siku hiyo alikuwa na haraka. Alichemsha maji, akakata sabuni ya mche. Mezani palikuwa na kofia kuukuu ya sufu, imekakamaa kwa jasho la zamani.

Jirani yake Gwalugano, anayefanya kazi maabara ya hospitali, akabisha hodi.

"Karibu, dada. Kesho polisi wanakuja kuchukua kofia ya muuaji. Naifua kwanza. Nitawapaje wageni kitu kichafu?"

"Weee! Iache hapo hapo!"

Ruti aliruka nusura amwage maji.

Kofia hiyo ilimtoka kichwani mtu aliyemuua baba yake Ruti, mlinzi wa ghala la kahawa, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Wakati ule hapakuwa na namna ya kuipima, hivyo polisi wakairudisha. Mama akaifunga kwenye gazeti, akaiweka sandukuni, ikakaa humo hadi polisi walipofungua kesi upya mwaka huu. Watu wakamnyooshea kidole baba mdogo Rabson, kwa kuwa aligombana na kaka yake kuhusu shamba. Rabson akahamia Ikinga. Hakurudi tena, hata kwa misiba. Jambo hilo lilimuuma sana Ruti, maana baba mdogo ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani.

"Sikia, Ruti," alisema Gwalugano. "Kila mtu ana vinasaba vyake. Vimo kwenye jasho, mate, damu na nywele. Vikikaa pakavu, hudumu miaka mingi. Ukiifua hiyo, umemfulia muuaji kosa lake!"

"Sasa nifanyeje?"

"Usiiguse tena kwa mikono mitupu. Usiianike juani. Usiitie kwenye mfuko wa nailoni, itapata unyevu ioze. Iache kwenye gazeti lile lile, ndani ya bahasha ya karatasi. Na uwaambie polisi wote walioishika."

"Hata mimi, asubuhi hii?"

"Wewe hasa. Watachukua mate yako, wasikuchanganye na muuaji."

"Mate yangu! Mbele ya polisi!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Maji ya moto Ruti akafulia mapazia.

Polisi walichukua kofia. Rabson naye akatoa mate yake kwa hiari. Mahindi yakavunwa, na majibu yakaja. Jasho la kofia halikuwa la Rabson. Polisi wakawapima na waliowahi kufanya kazi ghalani, ikaonekana ni la mtu aliyekuwa akipakia magunia pale. Alikamatwa Tunduma, na sasa kesi iko mahakamani.

Jumapili moja mzee mmoja alisimama nje ya uzio, akisita kuingia. Ruti alimtambua, akamkimbilia.

"Baba mdogo! Ingia, hapa ni kwako!"

Kisha macho yake yakaona vumbi la safari.

"Lete hilo koti nilifue."

"Polisi hawalihitaji?" Rabson akauliza.

Ruti akacheka huku akilia, akaenda kubandika maji jikoni.