Fuvu Kwenye Tenki la Eusebio

Jua lilikuwa linazama nilipoingia jikoni kwa bibi Magdalena kuomba unga wa mtama, kiganja kimoja tu. Aliniuliza kama ni wa uji. Nikamwambia ni wa kazi. Akanicheka, akasema hajawahi kuona fundi wa mabango anayepika rangi yake, kisha akanichotea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mdogo wangu Eusebio, dereva wa bodaboda hapa Rutamba. Bibi humwita Likwata, jina la nyumbani alilorithi kwa marehemu babu yetu. Wazazi wetu walishatangulia, tumebaki watatu, na huyo ndiye tegemeo letu. Alitaka nimchoree fuvu kwenye tenki la pikipiki.

Zamani fuvu tulilijua kwenye nguzo za umeme na kwenye makopo ya sumu ya mikorosho. Lilikuwa linasema usiguse. Siku hizi vijana wanalivaa kifuani, kwenye kofia, kwenye pete, na maana yake ni kwamba mimi siogopi kitu. Nimeyachora mengi, yote yanacheka, na wala siyatazami mara mbili.

Hili halikucheka.

Eusebio alinionyesha kwenye simu. Picha ya kale, nyeusi na nyeupe: fuvu juu ya meza, na namba imeandikwa kwa wino kwenye paji. Jina hakuna. Meno ya mbele yamechongwa ncha, sawa na ya bibi. Alisema ameipenda kwa sababu inatisha kweli, haya mengine ni katuni. Nikamwambia huyu ni mtu. Akasema kila fuvu ni mtu, dada, we chora.

Nikachora. Rangi ya mafuta inang'aa na mfupa haung'ai, kwa hiyo mimi huchanganya unga kidogo, weupe ufifie. Safari hii ulikaa vizuri mno. Kesho yake jioni, rangi ikiwa imekauka, Eusebio alilipapasa lile paji akitabasamu.

"Karibu nyumbani, babu," alisema.

Pikipiki ikashuka.

Springi za nyuma zililia... kriii... kama vile abiria mnene amepanda. Hakuna aliyepanda. Ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Tulitazamana, tukacheka kicheko cha uongo, naye akaenda zake kijiweni.

Tangu hapo hakupata abiria. Waliomsimamisha walimpungia aendelee, wakidhani ameshapakia mtu. Joyce, muuza samaki, alimuuliza yule mzee aliyembeba jana alikuwa anaumwa nini. Mashavu ya Eusebio yakabonyea. Chakula kikamshinda. Jioni moja alinivuta kando ya mlango akaninong'oneza kwamba kuna anayesema naye sikioni akiwa barabarani.

"Anasemaje?"

"Ananiuliza jina lake."

Nililikwangua lile fuvu kwa msasa na petroli mpaka bati likaonekana. Springi hazikuinuka.

Ndipo nikampelekea bibi ile picha. Aliitazama sana, ulimi ukipita juu ya meno yake. Alinieleza kwamba Wajerumani walikata vichwa vya watu wetu wakavisafirisha kwao kuvipima, na waliobaki hawakupata cha kuzika. Kisha akauliza nililichora kwa kitu gani. Nilipomtajia unga wake, alikaa chini.

Bibi hakosi misa ya Jumapili, lakini unga ni unga. Kwetu mzimu huitwa kwa unga wa mtama, na akishaitwa hutajwa jina, ndipo huombwa apumzike. Sisi tulikuwa tumemwita mtu tusiyemjua. Bila jina hatamwacha kijana, bibi alisema, na kijana atakwisha.

Jioni ile ile alimwaga unga nyuma ya gurudumu, ukasimama kichuguu kidogo. Eusebio alikaa juu ya kiti cha pikipiki, mnyonge, mimi nimemshika bega. Bibi akaanza kutaja wazee wote aliowajua, wa kwao na wa ukoo wa mumewe. Kila jina alitulia, akasikiliza.

Kimya.

Jina jingine... kimya.

Majina yakamwishia. Likabaki moja. Mumewe tulimzika wenyewe, lakini naye alikuwa amelirithi jina lake kwa babu yake, na huyo alikoishia hakuna anayejua.

"Likwata," bibi akaita.

"Naam, bibi."

Aliyeitika ni Eusebio.

Ameliitikia jina hilo tangu anatambaa, mdomo ulimtangulia. Bibi alijiziba uso kwa kanga. Kile kichuguu cha unga kikaporomoka chenyewe, springi zikapanda, na harufu ya udongo ikatoweka.

Kwa kitambo nilifurahi, naapa. Bega la mdogo wangu lilipata joto mkononi mwangu. Aliteremka mwenyewe. Nilimkumbatia nikilia, naye akaniondoa mikono kwa upole, akaniuliza jambo kwa Kimakonde cha zamani nisichokielewa. Bibi alinitafsiria baadaye. Alikuwa anauliza mimi ni mtoto wa nani.

Zahanati walisema malaria imempanda kichwani. Huenda. Anakula vizuri na mashavu yamejaa. Anakaa barazani akishangaa nyaya za umeme, na pikipiki hajui kuiwasha. Mdogo wangu yuko wapi, sijui, wala hatuna namna ya kumwita, maana nikilitaja jina lake la nyumbani anageuka huyu, na nikisema Eusebio hageuki mtu.

Nilimwomba bibi tujaribu tena. Alitikisa kichwa. Sasa kila asubuhi, na uzee wake wote, anapiga goti pale barazani mbele ya mjukuu wake.

"Shikamoo," bibi anasema.

Naye huitikia, "Marahaba."